Mwizi wa Jicho la Televisheni

Walikuwa ndiyo kwanza wamemaliza Baba Yetu, hata mikono haijashuka vizuri kutoka kwenye ishara ya msalaba, Papa Clément Chisanga akasimama katikati ya shirika lao la sala. "Bandugu, mbele ya kuachana, kuko neno. Tuko na mwizi katikati yetu." Kisha akamtaja: Mama Huguette Mapalo. Mbele ya watu thelathini na sita wa mtaa mmoja, wanaosali pamoja kila Jumatano jioni! Wengine humo ndani yeye ndiye aliyewasimamia watoto wao ubatizo. Hebu fikiria.

Mwanamke wa miaka hamsini na nane. Baba yake alikuwa mtu wa reli, fundi wa taa za treni, na ndiye aliyemfundisha kushika bisibisi kabla hajajua kusuka nywele. Shule ya umeme alikuwa msichana peke yake darasani. Karakana ya mgodi akafanya miaka kumi na tisa, na walipofunga akafungua chumba cha ufundi mbele ya nyumba yake, njia ya kwenda Karavia. Mpaka leo wateja wanaingia, wanamkuta chuma cha kulehemu kiko mkononi kinatoa moshi, na bado wanauliza: "Fundi iko wapi?" Hilo alishalizoea. Lakini wizi? Wizi haukuwahi kutajwa pamoja na jina lake.

Na ni wizi wa nini? Jicho la televisheni!

Papa Clément ana moja ya zile televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa kama kabati la nguo, aliyoinunua wakati ule akifanya kazi mgodini Kinsevere. Ndani yake mna taa tatu, nyekundu, kijani na buluu, zinazopiga picha kwenye kioo, na kioo kinairusha kwenye skrini. Rangi hizo zisipokutana mahali pamoja, mchezaji mmoja wa mpira anakimbia na wenzake wawili, mmoja mwekundu, mmoja wa buluu. Ndiyo maana waliotengeneza mashine hiyo waliipa macho manane madogo, yamejificha pembeni mwa skrini. Ukibonyeza telekomande, yaani rimoti yake, mistari inatokea, macho yanaitazama, na mashine inazipanga rangi yenyewe. Jicho moja lisipoona, inasimama, inaandika kosa, na rangi zinabaki zimetawanyika.

Wakati wa Kwaresima Mama Huguette alibadilisha vipande viwili vilivyoungua, akasafisha kioo, akaacha mashine ipate moto nusu saa, akabonyeza. Mistari ikawa myeupe safi. Nyumba nzima ilipiga makofi, Papa Clément mwenyewe akiwa wa kwanza. Juma la Pasaka rangi zikaachana tena, na walipobonyeza, mashine ikaandika kosa. Basi badala ya kumwita aliyetengeneza, Papa Clément akaenda kumleta kijana wa mjini mwenye miwani ya jua kichwani, ambaye hata bisibisi hakuitoa mfukoni. Alisoma yale maandishi ya kosa, akasema: "Jicho moja haiko. Nani alifungua hii mashine mara ya mwisho?"

Na mtu mzima akaamini! Mtu anayejua kusoma, anayeongoza sala!

Kesho yake baada ya sala ile, Mama Ngosa, mmoja wa wale thelathini na sita, alituma mtu achukue redio yake, ingawa ilikuwa bado haijatengenezwa. Siku iliyofuata mwingine akaja kuchukua pasi, akiwa anatazama chini. Mama Huguette aliwapa vitu vyao, akaingia ndani, akalia kwa hasira. Aliona wazi kwamba akinyamaza, atazikwa na jina hilo.

Jumamosi saa nane mchana akabeba mfuko wake wa vyombo, akabisha kwa Papa Clément. Mama yake Clément, bibi ambaye mtaa mzima humwita Nkambo Laurentine, alikuwa amekaa kwenye kochi na rozari yake.

"Sikukuya kutengeneza," Mama Huguette alimwambia Papa Clément hata kabla ya kupewa kiti. "Nakuya kuhesabu macho. Na weye njo utayahesabu."

Akafunga mapazia, maana mwanga wa nje nao huyachanganya macho hayo. Akawasha. Nusu saa wakangoja mashine ipate moto, rozari tu ikisikika. Akabonyeza: kosa lile lile. Hapo akazima, akafungua skrini kwa uangalifu, akampa Papa Clément tochi.

"Hesabu. Kwa sauti."

"Moja. Mbili." Alizunguka pembeni zote. "Saba." Tochi ikasimama juu katikati. "Unaona? Ya nane haiko!"

"Ingiza mukono."

Papa Clément akaingiza mkono. Akavuta kitu kikavu, kikakwama, akavuta tena. Likatoka jani la mtende, limefungwa kama msalaba kwa uzi mwekundu. Na nyuma ya jani, jicho la nane lilikuwa limekaa pale pale, zima kabisa.

"Eh!" Nkambo Laurentine akashtuka. "Ile ni yangu!" Lilikuwa jani lake la Jumapili ya Matawi. Miaka yote huliweka nyuma ya msalaba ukutani, lakini safari hii alilichomeka kwenye ule upenyo wa juu ya skrini. "Nilisema, Huguette alichoka sana na hii mashine. Mungu achunge kazi ya mikono yake."

Papa Clément akacheka. Ndiyo, alicheka! "Kumbe ni vile! Mungu asifiwe, mambo inaisha."

"Mungu hukumwita mwizi, Papa Clément. Uliita miye."

"Pole pole, mama. Tutaongea."

Mama Huguette akairudisha skrini, akakaza skrubu zote, akawasha. Rangi zilikuwa bado zimeachana, na hakuzigusa. Kifungo cha kuzipanga kilichoko mbele ya mashine kilikufa zamani. Bila telekomande hakuna wa kuzipanga. Akaichukua mezani, akaiingiza mfukoni mwake mbele ya macho yao.

"Siku ile uliniita mwizi sikukuwa nimebeba kitu. Leo nabeba. Siku ya tatu, Jumatano ya sala, uwaelezee bantu vile niliiba."

Jumatano ikafika, Baba Yetu ikaisha. Papa Clément akasimama, akakohoa, akanong'ona kitu kuelekea viatu vyake.

"Sauti, Papa," Mama Huguette akasema kutoka nyuma. "Ile siku tulikusikia mpaka mu barabara."

Watu thelathini na sita wakageuka. Papa Clément akainua uso, jasho limemtoka.

"Mama Huguette hakuiba kitu! Jicho iko. Miye njo nilisema bongo, uongo mutupu."

Mama Ngosa akainamisha kichwa. Mama Huguette akafungua mfuko, akapita mbele ya Papa Clément kama anapita mti, akaiweka telekomande mikononi mwa Nkambo Laurentine.

"Kifungo ni hii ya katikati, Nkambo. Uache kwanza mashine ipate moto nusu saa." Akamshika bega. "Na jani, urudishe kwa musalaba. Mikono yangu, Mungu anaichunga hata toka kule."