Mke wa Kijana Wangu Anatetemeka Nikiita Mtoto Jina la Mama Yangu

Wenye ukurasa, ficheni jina langu vile mmeficha ya wengine. Mimi ni nyanya wa miaka sitini na kitu, natoka upande wa Bomet. Shule niliachia darasa la tatu, lakini chai yangu nimepanda mwenyewe na watoto saba nimelea bila kuomba mtu chumvi. Kwa hivyo mwenye kunicheka akacheke kwao.

Kijana wangu wa mwisho alioa msichana mwenye heshima, nitamwita Chebet. Mwaka huu alizaa msichana. Kwetu mtoto akizaliwa, sisi wamama wazee tunataja majina ya watu wetu waliokufa, moja moja. Mtoto akipiga chafya, aliyetajwa ndiye amerudi, na jina ni lake. Nilipotaja mama yangu, mtoto alipiga chafya mpaka wenzangu wakapiga kelele. Nililia kwa furaha.

Baada ya siku chache Chebet akaacha kulala. Nikampata nyuma ya boma la ng'ombe akiongea peke yake. "Unaongea na nani?" Akasema, "Mama, ni kogo. Ananiita tangu asubuhi." Kogo ni nyanya kwa lugha yetu. Sasa nyinyi mliosoma mngeshtuka. Mimi nilifurahi! Niliambia majirani mama yangu amekuja kushukuru. Nikampa Chebet maziwa ya kibuyu, nikamwambia, "Akikuita, itika."

Aliitika. Alasiri moja mawingu yalikuwa yameshuka, nikaenda shambani kumwambia aje nyumbani. Nikamkuta anachuma majani na mgongoni hakuna mtoto. "Mtoto yuko wapi?" Akajibu bila kugeuka, "Kogo amesema nimpe amshike." Mvua ya mawe ikaanza. Nilikimbia kati ya mistari ya chai mpaka nikaona leso. Alikuwa amemlaza mtoto juu ya miti ya chai, pale palipokatwa sawa kama meza. Nilimfunika kwa mwili wangu, mawe yakinipiga mgongo. Mtoto alipona.

Tulienda hospitali Kapkatet. Daktari, kijana mdogo, akaanza na maneno marefu. Nikamwambia, "Weka hayo mfukoni, ongea kama mtu." Akacheka, akasema, "Shosho, hii tunaita saikosisi. Akili inashindwa kujua kile kiko na kile hakiko. Yake imeletwa na kuzaa. Na hiyo sauti ni halusinesheni, sikio linasikia na hakuna mtu ameongea. Inatibika, lakini asiache dawa, na mumuache alale."

Nikamuuliza, "Unasema mama yangu ni ugonjwa?"

"Hapana. Nasema mama yako hakuwa hapo."

Dawa ilimsaidia. Chebet sasa analala, anakama ng'ombe, anatania bwana yake. Na wale wa kanisa wanaonong'ona ati ana mapepo, na wale vijana wanaomwita kichaa, waje wanieleze mbele yangu. Ni mgonjwa aliyetibiwa. Kwani mwenye malaria mnamwita nini?

Shida ni jina. Mtu akiita mtoto kwa lile jina, Chebet anamweka chini mara moja na kutoka nje. Aliniambia akiangalia miguu, "Mama, sikatai kogo. Hiyo ndiyo sauti iliniambia. Nikisikia hilo jina naona nitampeleka shambani tena." Kijana wangu akadakia, "Mama, si tumwite lile la ubatizo tu?" Nikamfokea, "Wewe ulibebwa na nani mgongoni nikienda kuchuma chai? Si ni mama yangu?" Wazee wenzangu nao wanasema jina lililopigiwa chafya halitolewi, mtoto atakuwa mgonjwa kila siku.

Sasa mnaona nimebanwa wapi? Nikiliondoa, ni kama nimekubali mama yangu ndiye alitaka kuua mtoto, na mama yangu hakuwahi kupiga hata mbuzi. Daktari alishasema hakuwa hapo, na mimi sitaki kumfukuza mara ya pili. Nikiliacha, huyu msichana atakuwa anaogopa mtoto wake mpaka lini?

Jana alienda kuteka maji. Nikabaki na mtoto mapajani, nikamwita lile jina polepole, nikijua mama yake hayuko. Akanichekea na ufizi mtupu, sura ya mama yangu kabisa. Nikamwita tena. Kuinua macho, Chebet amesimama mlangoni na mtungi, anatetemeka mpaka maji yanamwagikia miguu. Alinyoosha mikono nimpe mtoto, halafu akairudisha nyuma.

Jumapili mtoto anapelekwa kanisani, na wamama wote watakuja kwangu kumwimbia kwa lile jina. Matusi sitaki, na msiniambie niombe, naomba kila siku. Nyinyi mliozaa na mliolea, niambieni kabla ya Jumapili: wakifika mlangoni, niwaambie mtoto anaitwa nani?