Bizari kwenye Rejeta

Somo yangu ndiye aliyeniuzia lile gari, na ndiyo maana sikulikagua. Huku kwetu Tanga, mtu mliyepewa jina moja ni zaidi ya rafiki. Tangu tukiwa watoto wa Mabawa hatujawahi kuitana kwa majina. Ni "somo" tu, na mama yangu alikuwa akitupakulia sinia moja. Sasa mtu kama huyo akikwambia gari ni zima, unamletea fundi alipekue? Umemtukana. Wala si kwamba sijui magari. Marehemu baba aliendesha malori ya mkonge mpaka akastaafu, na likizo zangu zote zilipita chini ya boneti. Nilipokea funguo.

Na nilimwambia nalitakia nini. Mama alikuwa kijijini Maramba, jicho moja limeshakufa kwa presha ya macho na la pili limeanza kuingia ukungu. Madaktari wa macho walikuwa wanakuja mjini, wana siku moja tu ya upasuaji, na mama keshapata nafasi. Mikikimikiki ya basi haiwezi. Somo akanishika bega, akasema, "Mama ni wangu pia. Hili litamfikisha."

Usiku wa kuamkia siku yenyewe nililipeleka pole pole kwenye baridi, likafika. Asubuhi tulitoka Maramba, mama kaketi mbele na kanga yake mpya. Tulipanda kilima kimoja tu, mara mvuke ukafunika kioo chote. Nikatazama dashibodi: mshale wa joto umetulia katikati, raha mustarehe. Gari linachemsha na mshale hausemi kitu. Hapo nikaanza kuingiwa na wasiwasi.

Nikasubiri injini ipoe, maana ukifungua rejeta ya moto unajitafutia kuungua uso. Mama akauliza nani anapika mchuzi karibu. Kumbe hata mimi naisikia ile harufu. Nilipofungua kifuniko nikakuta tope la njano limeganda. Bizari ya manjano, wallahi, ile ile ya jikoni. Wako mafundi wa mitaani wanaoimwaga humo rejeta ikivuja. Inaziba tundu kwa muda, gari linauzwa, halafu inaziba na njia za maji. Nikajazia maji ya kunywa ya mama, nikawasha. Feni inazunguka vizuri. Nikagusa mpira wa juu wa rejeta, unaunguza. Wa chini, baridi. Basi maji hayapiti. Nikafuata waya wa kipimo cha joto, nikakuta umekatwa, umeungwa pengine na kufungwa solotepu nyeusi, ili mshale usipande hata injini ikiungua.

Hata hapo nilimtetea. Nilijiambia masikini, na yeye kauziwa hivi hivi, hajui. Mama akasema, "Mpigie somo yako, mwanangu." Nikampigia. Nilimwambia tumekwama kilimani, gari limezima, basi. Sikutaja kuchemsha, sikutaja rejeta.

Alikuja kwa pikipiki jua limeshakuwa kali, kaning'iniza kidumu cha maji, na mkononi ana pakiti ya bizari.

Hasira ikanipanda, nikatamani kuichukua ile pakiti nimmwagie usoni. Yeye hakunitazama. Alimwendea mama kwanza, akampa shikamoo, na mama akapapasa mpaka akaupata mkono wake.

"Marahaba, mwanangu. Nilijua hutatuacha."

Nikamvuta nyuma ya gari. "Kwani mimi nimekwambia gari lina nini?"

Akaitazama pakiti, akaitia mfukoni. "Nilijua wewe mtu wa mjini tu, somo. Nyumbani, sokoni, nyumbani. Kwa hapo lisingekusumbua."

"Nilikwambia ni la kumleta mama."

"Uliniambia," akasema.

Laiti angekana, au angeniambia kalaghaiwa, ningemwamini. Nilikuwa tayari kabisa kumwamini.

Tulipata lifti kwenye gari la machungwa. Tulipofika hospitali madaktari walikuwa wamemaliza kazi, wanafungasha vifaa vyao. Waliporudi safari nyingine, jicho la pili nalo lilikuwa limekufa. Walilimulika, wakasema hakuna la kufanya.

Mama yuko kwangu Mabawa sasa. Somo huja kumsalimia, na akija mimi natoka nakaa barazani. Nawasikia wakizungumza ndani. Mama anamwombea dua ndefu, kisha ananiita nije nimsindikize mgeni, nami namsindikiza hadi mlangoni. Mama hajui habari ya bizari wala ya waya. Macho nimeshindwa kumpatia, na huyu mtoto wake sina moyo wa kumnyang'anya.