Siku Tulipofunga Gari Mara Mbili

Mwanangu, nakumbuka asubuhi moja huko Hayes, magharibi mwa London, kwenye yadi nyuma ya maghala, mvua imekatika na lami bado inang'aa. Tulikuwa watu wanne tunaliangalia jipu dogo likijiandaa kuvutwa na nyumba. Nasema nyumba kwa sababu ndivyo Mama Riziki alivyoiita. Wengine huiita motohomu: gari refu lenye vitanda, jiko na choo ndani. Mumewe, Baba Riziki, alilinunua likiwa kuukuu, kutu imekula milango, akalitengeneza jioni baada ya kazi mpaka likakubali kuwaka bila kubembelezwa.

Ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni. Nilikuwa sijafika thelathini, na nyayo zinaniwasha. Nilikuwa nimetoka Tabora, nikakaa Dar, nikaja London, na humu London kwenyewe nilishahama Croydon, nikahamia Rayners Lane, na begi langu sikuwahi kulitoa nguo zote. Leo nimevuka arobaini, magoti yameanza kunisema, lakini gari la namna ile likipita barabarani bado nageuka kulitazama mpaka lipotee. Nyinyi mliozaliwa hapa mkizungumzishwa Kiswahili mnajibu Kiingereza. Si neno, najua mnaelewa. Hiki nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu ni kisa cha Kiswahili. Kwa Kiingereza kisingetokea.

Baba Riziki alikuwa mtu wa Bukavu, Kongo. Ujana wake wote aliendesha malori kwenye barabara ambazo ukizisimulia hapa watu wanadhani unatia chumvi. Mama Riziki alikuwa mgonjwa wa nyonga, anatembea kwa magongo. Mimi nilianza kwenda kwao kama kazi, kumsaidia kuoga na kuvaa. Baadaye kazi iliisha nikaendelea kwenda, kwa sababu ya sombe yake, yaani kisamvu, na maneno yake.

Walisubiri karatasi zao za ukaazi miaka mingi. Muda wote huo hawakuthubutu kutoka nje ya London, wakihofia kuitwa ofisi ya uhamiaji kule Croydon wakakosekana. Karatasi zilipotoka hatimaye, Baba Riziki alimuuliza mkewe anataka nini. Nilikuwepo, nakunja nguo. Nilidhani atasema kitambaa, au simu ya kuongea na dada zake.

"Mulima," alisema.

Alitaka mlima wenye majani mabichi na baridi ya asubuhi, kama ule uliokuwa nyuma ya nyumba ya baba yake. Mtu mmoja wa kanisani kwao akawaeleza kwamba uko mmoja Wales, una njia ya mawe inayofika hadi juu. Gari kubwa halipandi, jipu linapanda. Na ilibidi waende upesi. Wiki iliyofuata Mama Riziki alikuwa anarudi hospitali kwa upasuaji wa pili, na hakuna daktari aliyemwahidi kwamba angetoka akitembea.

Jipu lilikuwa la Festo, kijana wa Iringa aliyekuwa akifanya kazi ghalani karibu na uwanja wa ndege. Kijapani kidogo, kinavuta kwa magurudumu yote manne. Alikipenda jinsi mtu anavyompenda ng'ombe wake wa maziwa, lakini alipoombwa hakusita. Tatizo ni kwamba siku hiyo alikuwa na zamu, na mimi leseni sikuwa nayo. Nilishaufeli mtihani mpaka mkaguzi ananijua kwa jina. Kwa hiyo magari mawili, dereva mmoja. Ndipo Baba Riziki akatafuta chuma cha kuvutia, chenye umbo la herufi A. Ncha yake inashikwa nyuma ya motohomu, miguu yake miwili inakazwa kwa pini mbele ya jipu, na jipu linafuata lenyewe, magurudumu yote manne chini, bila mtu ndani.

Hapo kwenye bila mtu ndani, Festo alikwama.

"Sasa usukani atashika nani?"

"Hakuna mutu," Baba Riziki akamjibu kwa Kiswahili cha kwao, ambamo "njo" ni "ndiyo". "Chuma njo inageuza magurudumu. Inafuata kama mutoto nyuma ya mama yake."

"Mzee, kwetu gari likivutwa lazima mtu akae ndani."

"Na kwetu vilevile. Mutu, kamba, na sala."

Tukacheka. Kisha wakaingia kwenye suala la gia. Jipu la namna ile lina gia ndogo ya pembeni, na hiyo lazima ilegezwe ili mashine isizunguke bure na kuungua. Baba Riziki akasema iwekwe pwamo. Festo akamkodolea macho.

"Pwamo ndiyo nini tena?"

"Njo ile free yenu."

"Si useme free!"

"Free ni Kiswahili?"

"Na pwamo je? Si Kifaransa hicho?"

Mama Riziki, ameketi kwenye ngazi ya motohomu na magongo yake, akawaambia wakimaliza kugawana lugha za wazungu wamkumbuke na yeye. Walibishana, wakaoneshana kwa mikono, wakakubaliana, gia ikawekwa panapotakiwa. Nataka uliangalie hilo, mwanangu. Neno gumu walilisimamisha wakalikagua. Neno jepesi waliliacha lipite.

Baba Riziki alikuja kunisaidia kumpandisha Mama. Tulimshika huku na huku, nikamwekea mto mgongoni. Kazi ya kukaza pini ilibaki kwa Festo. Baba Riziki akachungulia mlangoni, akaita:

"Festo! Ulisha funga?"

"Nimefunga, mzee!"

"Ulifunga muzuri?"

"Vizuri kabisa. Nimejaribu, halifunguki!"

Tukaondoka. Festo alikaa nasi ndani, tumshushe njiani karibu na ghala lake. Barabara ilikuwa imenyooka, na jipu lilifuata kwa adabu. Mama Riziki alianza kuimba wimbo wa kanisani, taratibu, anatazama nje kama mtu anayehesabiwa miaka yake upya. Mpaka tulipofika kwenye kipilefti, ule mzunguko wa njia panda.

Motohomu ilizunguka. Jipu halikuzunguka. Nilisikia mpira ukilia kwenye lami, kilio kirefu cha kusaga meno, halafu mtikisiko, vikombe vikaruka kabatini. Baba Riziki akasimamisha gari pembeni. Nyuma yetu honi zilipamba moto. Mzungu mmoja kwenye van alitoa kichwa na kutupa maneno ambayo sitakuandikia.

Tulishuka. Magurudumu ya mbele ya jipu yalikuwa yanatazama mbele tu, yamekataa kugeuka. Mguu mmoja wa kile chuma ulikuwa umepinda kama kiwiko. Baba Riziki alichungulia dirishani, akaona tundu la ufunguo liko tupu. Wewe unayeendesha unajua: ukitoa ufunguo, usukani unajifunga. Festo naye akapeleka mkono mfukoni, polepole. Ufunguo alikuwa nao. Wa akiba alishampa Baba Riziki, kwa hiyo hakuona ubaya kuondoka na wake.

Nikapasuka. "Si uliulizwa? Si uliulizwa, ukasema umefunga vizuri? Muongo mkubwa wewe! Umemharibia mama wa watu!"

"Nimesema nimefunga, na nimefunga!" Festo akanijibu. "Muongo ni nani?"

"Nyamaza, mudogo wangu," Baba Riziki aliniambia. Hakupaza sauti. "Unatafuta mwenye kosa. Ukisha kumupata utamufanya nini? Utamufunga nyuma ya motohomu, tumuvute mpaka Wales?"

Alimgeukia Festo.

"Pale nilikuuliza ulisha funga, wewe ulisikia nini?"

"Milango, mzee. Nilishakaza pini, nikafunga gari. Gari halina mtu ndani, na hapa ni London! Nani anaacha gari tupu, ufunguo unaning'inia humo?"

"Mi niliuliza pini."

"Pini nazo nilifunga."

Baba Riziki alishika kiuno. Kisha akacheka, kicheko kifupi cha mtu aliyechoka. "Basi ulifunga vyote. Hata ile ya kuacha wazi."

Unaona, mwanangu? Kwao Baba Riziki gari lilivutwa na mtu akiwa ndani, kwa hiyo katika maisha yake yote hakuwahi kuhitaji kumwambia mtu aache ufunguo mahali pake. Na kwa Festo, gari lisilo na mtu hufungwa, hata mtoto anajua. Mmoja aliuliza la kukaza, mwingine akajibu la kufuli, na Kiswahili chetu kimeyapa yote neno moja. Wote wawili walisema kweli.

Festo aliingiza ufunguo, usukani ukalegea. Jipu liliwaka, magurudumu yakageuka, mipira ilikuwa imechubuka lakini mizima. Chuma ndicho kilichokuwa kimekwisha. Baba Riziki akaenda dirishani kwa mkewe.

"Imevunjika?" Mama Riziki aliuliza.

"Gari haina kitu. Chuma njo imepinda. Hatuwezi kuivuta."

"Basi twende na hii. Nitauangalia mulima toka chini."

Alisema kama mtu anayekubali chai bila sukari. Hakulaumu, hakuugulia, na hilo ndilo lililotuumiza. Festo alikuwa amesimama karibu, alisikia. Alitazama barabara ya kuelekea ghalani. Akatoa simu yake, akasogea pembeni, na nilimsikia akimwambia msimamizi wake kwamba haendi. Aliulizwa kama anaumwa. Akasema haumwi, hawezi kwenda tu. Simu ikaendelea kupiga kelele sikioni mwake hata baada ya yeye kumaliza kusema.

"Mzee, tangulia," alisema. "Nitawafuata."

Alinipita bila kunitazama.

Njiani tuliposimama kujaza mafuta nilimpelekea chai kwenye jipu. Nikamwambia, "Kaka Festo, nilikuita muongo."

"Uliniita muongo katikati ya kipilefti. London nzima imesikia."

"Nisamehe."

Alionja chai. "Dada, msamaha gani huu hauna sukari?" Nikajua tumepona.

Kesho yake asubuhi tulimpakia Mama Riziki kwenye jipu, kiti cha mbele. Festo aliendesha, mimi na Baba Riziki nyuma tunarushwa kama magunia ya viazi. Njia ilikuwa mawe matupu. Jipu lilipanda likikoroma, na kadiri tulivyopanda ndivyo ukungu ulivyozidi, mpaka tulipofika juu hatukuona hata pua ya gari. Hakuna bonde, hakuna kilele, weupe mtupu kila upande. Festo alianza kuomba radhi kana kwamba ukungu ameuleta yeye.

"Zima mashine," Mama Riziki alimwambia.

Akazima. Mama alishusha kioo, akatoa mkono nje, akauacha huko mpaka ukalowa. Harufu ya majani mabichi ikaingia. Mahali fulani kondoo alilia.

"Njo hapa," alisema. "Kwetu asubuhi tulikuwa hatuoni kitu. Mulima tulikuwa tunausikia kwa baridi."

Baba Riziki alinyoosha mkono kutoka nyuma akamshika bega. Tulikaa hivyo muda mrefu. Hakuna aliyesema tungoje ukungu uondoke.

Upasuaji ulipita salama, lakini baada yake Mama Riziki alihamia kwenye kiti cha magurudumu, na mlima mwingine hakupanda. Festo alipewa onyo kazini. Miaka mingi baadaye nilimuuliza kama alijutia zamu ile. Akaniuliza zamu ipi.

Sasa nisikilize, mwanangu. Ukimuuliza mtu jambo ambalo mwingine analitegemea, usiridhike na ndiyo yake. Muulize amefanya nini hasa, na ikiwezekana nenda mkaangalie pamoja. Usione aibu kuuliza mara ya pili, wala usichukie ukiulizwa. Maneno yanayotupoteza ni yale tunayodhani sote tunayajua: nimefunga, nimemaliza, niko njiani, niko sawa. Hilo la mwisho hasa. Mwenzako akikuambia yuko sawa, kaa kidogo, umuulize sawa ya namna gani. Na jambo likiharibika, tazama kwanza ni nani anayeumia na atasaidiwaje. Wa kulaumiwa hatakimbia. Ukimtukana mtu mbele za watu, usiende kumuomba radhi gizani. Na Kiswahili cha mwenzako kikitofautiana na chako, cheka naye, usimcheke.

Mungu akujalie watu wa kukuuliza mara ya pili bila kuchoka, na akupe moyo wa kuwajibu bila hasira. Popote miguu itakapokuwasha kwenda, ufike mzima, na uliowabeba wafike nawe. Amina.