Tairi za Kupita Bila Kujulikana

Ukitaka kunikasirisha, njoo uniambie kwamba tairi ni tairi. Nimeendesha pikapu inayovuta kwa magurudumu yote manne kwa miaka kumi na minne, nikitengeneza pampu za visima kutoka Kitui hadi Makueni, na najua kwamba meno ya tairi ndiyo yanayoamua kama utalala kwako au utalala porini. Meno makubwa yaliyoachana ni ya matope: yanauma udongo, kisha yanautupa yakizunguka. Lakini yapeleke kwenye mchanga wa mto uliokauka, ukanyage mafuta kwa hasira, uone yatakavyochimba hadi gari likalie tumbo. Meno ya wastani yaliyokaribiana yanakwenda karibu kila mahali bila kusifiwa popote. Na yale ya mistari mirefu iliyonyooka ni ya lami, ya watu wanaotoka nyumbani kwenda kanisani na kurudi. Siku hizi hata mtu anayeenda tu kununua maziwa anataka meno ya matope, ananguruma lami nzima kama posho mili ya kusaga unga. Wananichekesha.

Mimi nilikuwa na meno makubwa kwa sababu halali. Kazi ilinipandisha milima ya Mbooni wakati wa mvua, na huko huwezi kubishana na udongo mwekundu. Nilikuwa peke yangu garini, mimi na mabomba na kopo la grisi. Kuna siku nilizomaliza bila kusema neno lolote isipokuwa "jaribu sasa," nikimwambia mtu wa kamati ya maji awashe pampu. Jioni nilirudi Kwa Vonza, kwenye nyumba ya kupanga ya vyumba viwili, ambako cha pili sikuwa na haja nacho.

Mama yangu anaishi kando ya barabara ya mchanga, kabla hujafika Kalamba. Kila asubuhi hufagia uwanja, kama kina mama wote wa huko, lakini yeye haishii langoni. Hutoka nje na ufagio wake wa vijiti, akafagia na kipande cha barabara, hatua kama ishirini. Jioni anatoka tena kuangalia nani amepita. Magari ya huko ni machache. Anajua lori la mchanga, anajua pikipiki ya mwalimu, anajua baiskeli ya muuza mkate. Meno yangu makubwa aliyajua kama mwandiko wa mtoto wake. Alikuwa akinipigia simu.

"Jumanne ulipita asubuhi, ukarudi baada ya lori la mchanga. Haraka ya nini?"

"Kazi, mwaitu," nilimjibu, kwa maana huko kwetu mama ni mwaitu hata ukiota mvi.

Haikuwa kazi. Miaka miwili ilikuwa imepita tangu mke wangu aondoke na watoto wetu wawili, akaenda kuishi kwa dada yake Nairobi, na mama nilikuwa sijamwambia. Nilisema amepata kazi huko, watoto wanasoma huko, na wote watakuja Desemba. Desemba ikafika, nikasema wana mafua. Kila nilipoingia kwake aliwauliza mmoja mmoja, wanakula nini, wamefika urefu gani, nami nikabuni. Nilimwambia mdogo amekuwa wa tatu darasani, na sikujua hata yuko darasa gani. Nilichoka kusema uongo mbele ya chai yake. Kwa hiyo nikaanza kupita bila kuingia, na huko kupita kwenyewe kukawa kunaonekana mchangani.

Tairi zilipokwisha nilienda Kitui mjini, kwa mzee mmoja ambaye watu wake walitoka Pwani zamani. Anauza tairi karibu na stendi na hana haraka na mteja.

"Kaka, wapita wapi sana?" aliniuliza.

"Kila mahali."

"Kila mahali si mahali. Niambie udongo."

Nikamwambia natengeneza pampu za visima: mchanga, mawe, matope ya milimani, lami kidogo. Aliviringisha tairi ya meno ya wastani hadi miguuni pangu, akapitisha kidole kwenye nafasi za meno, akanionyesha ubavu wake ulivyo mnene kwa ajili ya miiba. Alisema nikifika mtoni nipunguze upepo kidogo tu, nitavuka. Alikuwa sawa kabisa. Ningekuwa mimi namshauri mtu, ningesema hivyo hivyo.

"Wenye pikapu wengi huku wananunua gani?" nikamwuliza.

"Hii ya mistari. Rahisi, na haina kelele. Lakini hiyo ni ya lami."

"Najua. Nipe hiyo, nne."

"Wewe watengeneza pampu katikati ya lami?"

Nilitoa pesa. Ningemwambia nini? Kwamba mtu mzima kama mimi anatafuta tairi inayofanana na za watu wote ili mama yake asimjue? Alinifungia zote nne bila kusema tena, na alikuwa na haki ya kunidharau.

Wiki ile nilipita kwa mama mara mbili na simu haikulia. Nilijiambia nimefaulu. Lakini gari sasa lilikuwa kimya, na sikuwa nimejua kwamba ile ngurumo ya meno makubwa ilikuwa ikinifanyia kazi ya mtu wa kuongea naye. Nilianza kuwasha redio na kuzima, kuwasha na kuzima.

Mvua ilipoanza nilitumwa Kikima, kule milimani Mbooni. Udongo mwekundu ulijaza ile mistari yote, tairi zikawa kipara, na pikapu ikateleza upande upande hadi mtaroni. Nilikanyaga, nikatukana, nikatoka kuweka mawe, wapi. Jamaa mmoja alikuja na ng'ombe wake wanne wa plau, akazunguka gari akiangalia chini.

"Fundi, hii tairi ni ya harusi," alisema. "Ulikuwa unapeleka bibi harusi wapi?"

Watu waliokusanyika walicheka, nami nikacheka. Walipomaliza kunivuta niliwashukuru, nikaingia ndani, nikafunga madirisha, nikawasha redio na kuondoka.

Mvua ilipokwisha nilipita tena kwa mama. Barabara mbele ya lango haikuwa imefagiwa. Nilidhani amesafiri. Wiki iliyofuata, majani yalikuwa pale pale na alama zilikuwa zimepandana. Nikahesabu: alikuwa hajanipigia simu kwa karibu miezi miwili. Mama yangu alikuwa akifagia hata akiwa na malaria. Nilipinda usukani nikaingia bila hadithi yoyote kichwani.

Nilimkuta ameketi akipepeta ndengu, mzima kabisa, na uwanja ukiwa safi.

"Mwaitu, unaumwa?"

"Mimi siumwi."

"Mbona siku hizi hufagii barabara?"

Aliendelea kupepeta. Anasema Kikamba tu, polepole, na hupenda kumaliza kilicho mkononi kwanza.

"Ulibadilisha tairi," alisema. "Za namna hiyo ziko nyingi. Lakini hizo zingine zote zinapita katikati ya barabara. Hii moja, ikifika langoni, inalikwepa, inaenda upande ule mwingine mpaka inakanyaga nyasi za jirani. Nikajua ni wewe, na nikajua hutaki nijue."

Sikujua kwamba nilikuwa nikifanya hivyo.

"Nikasema, kama mtoto ameenda mpaka dukani akanunua tairi nisimwone, basi wacha nisimwone. Nikaacha kufagia, upite vizuri."

Niliona aibu. Kwa upweke wangu wote wa miaka miwili nilikuwa nimemlaumu mke wangu. Hapo niliona sehemu niliyojitengenezea mwenyewe, na sehemu niliyomgawia mama bila yeye kuomba.

Alipuliza makapi, akaweka ungo chini.

"Sasa kesho nifagie, ama niache?"

"Fagia," nikamwambia. Kisha nikavuta kigoda, nikaanza kumweleza kuhusu nyumba yangu ya Kwa Vonza, na ni nani hayumo.