Wifi yangu, presha ya mimba na sindano ya chumvi ya haluli

Wakuu, habari za jioni.

Nimesoma mabishano yenu ya kalsiamu, magnesiamu na presha ya wajawazito, nikaona na mimi bibi yenu niweke langu. Nasimulia nilichokiona kwa macho yangu, asiyetaka kuamini apite tu.

Ilikuwa Ijumbi, Muleba, miaka ya mwisho ya Mwingereza. Nilikuwa binti, nimetoka shule ya misheni.

Kaka yangu alioa. Kwetu bibi harusi alikuwa anawekwa ndani miezi mingi. Halimi, hatoki, kazi yake kula na kunenepa. Na mbele ya mama mkwe haongei. Akitaka kitu ananinong'oneza mimi wifi yake, nami nampelekea mama.

Akashika mimba humo humo ndani.

Uso ukajaa, ngozi ikang'aa, bangili zikambana. Wageni wakamsifu mama kwa neno letu la heshima: "Waitu, mkamwana umemlisha!" Mama akafurahi kweli. Kumbe ulikuwa uvimbe.

Akaninong'oneza kichwa kinamuuma, macho yanaona vimulimuli. Nikafikisha. Mama akasema ni joto la ndani, apewe maji. Aliporudia kulalamika, maji tena.

(Msimtukane mama yangu. Alimpenda yule binti kuliko sisi aliotuzaa.)

Asubuhi moja akaanguka, mwili umekakamaa, anatetemeka. Kifafa cha mimba. Akabebwa kwa machela kupita migombani mpaka hospitali ya misheni.

Presha ilikuwa juu sana. Muuguzi akaandaa sindano, mama akauliza ni dawa gani. Akajibiwa ni chumvi ya haluli.

Sasa vijana, haluli sisi tuliijua ya kuharisha, ya dukani kwa Mhindi. Mjamzito hakuruhusiwa hata kuilamba, mimba ingetoka.

Mama akasimama. "Mnataka kumharisha mjukuu wangu? Wabebaji, inueni, turudi nyumbani."

Muuguzi alieleza mpaka akachoka. Kaka alikuwa kisiwani Goziba anavua, kwa hiyo neno la mwisho lilikuwa la mama.

Hapo wifi akafumbua macho. Ulimi aliung'ata, umevimba. Hakunitazama mimi. Alimwambia mama moja kwa moja: "Mama, waitu, niache nichomwe. Nataka kuishi."

Mama hakuwahi kuisikia sauti yake. Akakaa chini.

Sindano ikachomwa, kifafa kikakata. Mtoto alizaliwa kesho yake, ameshakufa. Wifi alipona. Naumia mpaka leo ninapoandika.

Baadaye sana ndipo nikaelewa ile chumvi ni magnesiamu, madini hayo hayo mnayobishania. Kama yalimpungukia mwilini sijui, hakuna aliyempima. Na usije ukamnywesha mkeo haluli nyumbani, ile ni kazi ya hospitali.

Mimba ya pili mama mwenyewe alimpeleka kliniki, nami nikawafuata. Muuguzi akauliza mgonjwa anajisikiaje. Nikafungua mdomo kujibu kama nilivyozoea.

Mama akanifinya. "Nyamaza wewe. Mwache aseme."

Somo langu ni hilo tu, wakuu. Mpimeni presha, halafu mumsikilize mwenye mimba yake.

Huko kwenu nani anamsemea mjamzito: mume, mama mkwe au mwenyewe? Karibuni, wenye matusi nitawaruka.