Kipara cha Mlimani

Tulipokuwa wadogo huko kwetu Nyamira, Januari ilinukia nyasi mbichi zilizofyekwa. Kabla jua la kiangazi halijazikausha, kijiji kizima kilipanda mlima na mapanga. Kazi ilikuwa kufyeka ukanda unaopita chini ya nyaya za stima, kutoka chemchemi yenye pampu hadi kwenye tangi la maji, juu kabisa, karibu na nyumba yetu. Nguzo zilikuwa za mbao. Moto ukizila, pampu inanyamaza, na pampu ikinyamaza, zahanati, shule na nyumba zetu zote hazina tone. Hata mtoto alilijua hilo. Ukanda huo sisi watoto tuliuita Kipara.

Tulifyeka kwa egesangio, desturi yetu ya kusaidiana kazi kwa zamu, ila Kipara kilikuwa na sharti lake: hakuna aliyefyeka mbele ya shamba lake mwenyewe. Sisi tulifyeka kwa jirani, jirani akafyeka kwetu. Nilidhani ni vituko vya wazee tu. Lakini ukifyekewa na jirani, utasogezaje mpaka wako gizani? Ameshaona unapoishia.

Mama alibaki kwenye tangi na sufuria la uji wa wimbi, viazi vitamu vikiwa vimefukiwa kwenye majivu. Kila mara alipaza sauti: "Mmefika wapi?" Wafyekaji wakamjibu kwa jina la mwenye shamba. "Kwa Ombati!" Baadaye: "Kwa Nyaboke!" Akiona mtu analegea hakumwonea haya: "Wewe shemeji, unafyeka au unamnyoa bwana arusi?" Mlima wote ukacheka. Kipande cha mwisho, chini tu ya tangi, kilikuwa mbele ya shamba la Baba. Majirani walipokifikia, sisi watoto tuliitika "Kwetu!" na Mama akaanza kumimina uji.

Baada ya hapo Kipara kilikuwa chetu watoto. Tuliketi juu ya maganda ya mgomba tukateleza hadi karibu na chemchemi, mdogo wangu Momanyi mbele kwa sababu alikuwa mwepesi, mimi nyuma nimemshika kiuno. Tulirudi nyumbani kaptula zimetoboka, na fimbo ilitusubiri mlangoni. Watoto wa leo wakichafuka goti wanapelekwa kwa daktari.

Kisha nikaanza kutangatanga. Nakuru, Naivasha, Mombasa. Miguu yangu haijawahi kujua kutulia. Huku nyuma wazee walikufa mmoja mmoja, mashamba yakagawanywa kwa wana, kila mmoja akapata kipande kisichotosha hata mgomba kupanua majani. Na pembeni ya kila kipande kulikuwa na Kipara, kisicho na mwenyewe. Mmoja akapanda humo mstari wa mikaratusi, maana kuni hununuliwa na viwanda vya chai. Mwenzake akaona, akapanda mistari miwili. Nani angemkemea, na kila mtu sasa alifyeka kwake, akipenda?

Mwaka jana, wakati wa kiangazi, mtu alichoma magugu shambani na upepo ukamnyang'anya moto. Mikaratusi iliwaka kama iliyomwagiwa mafuta ya taa. Vijana walipoona moshi walitoa simu kwanza, kupiga picha; panga lilikumbukwa baadaye. Nguzo za upande wa chemchemi zikaanguka. Kwa majuma mengi wajawazito walikwenda zahanati na mtungi wa maji yao wenyewe. Mama naye, kwa umri wake, alishuka chemchemini na mtungi, akateleza. Mguu haujapona. Siku hizi anakaa kwenye kigoda kando ya tangi, na macho nayo yamefifia.

Watu wa stima walisimamisha nguzo mpya, wakasema tufyeke chini yake, wakaondoka. Januari hii nimerudi na panga jipya nililonunua Keroka. Nilipita nyumba kwa nyumba. Mpwa wangu mmoja aliniangalia kwa huruma: "Anko, hiyo si kazi ya county?" Wengine waliahidi kesho.

Momanyi ndiye aliyerithi lile shamba la Baba. Upepo uligeuka kabla moto haujamfikia, na mikaratusi yake sasa imeinama juu ya nyaya.

"Ndugu yangu, angalau hii inayogusa waya," nilimwambia.

"Moto ulifika hapo chini ukaniacha. Wewe unakuja na panga lako, wiki ijayo uko Mombasa. Karo ya Kerubo utalipa wewe?"

Kerubo ni binti yake, na mtoto ana akili; mikaratusi hiyo ndiyo karo yake.

Nikaanza peke yangu kule chemchemini. Nilifyeka siku baada ya siku, kwa Ombati, kwa Nyaboke, ambako wenye majina hayo hawako tena, hadi viganja vikatoka damu. Mchana mmoja nikafika chini ya mikaratusi. Majani makavu yalifika kwenye vifundo vya miguu yangu. Nikasimama, maana miti si yangu.

"Mmefika wapi?" Mama aliita kutoka juu, kama zamani, kama kwamba tulikuwa wengi.

Hapo ndipo tulipokuwa tukijibu "Kwetu!" kwa sauti moja, na harufu ya uji ikatushukia.

"Kwa Momanyi!" nikajibu.