Siku Mama Alipolala Uwanjani

Miezi ile ya baridi nyumba yetu ilinuka dizeli na makapi ya ngano. Harufu ilikuja na Mama jioni, ikakaa kwenye kanga zake, kwenye nywele zake, mpaka kwenye ugali aliousonga bila kunawa vizuri kwa sababu maji yalikuwa kidogo na yeye hakuwa na nguvu ya kurudi kisimani. Tulikaa Mogitu, upande ambao mlima Hanang huziba jua mapema, na upepo wa msimu ule ulipita juu ya mashamba makubwa ya serikali kabla ya kutufikia sisi, ukiwa umebeba vumbi na vijiti vya ngano vilivyokatika. Asubuhi tulivikuta juu ya mtungi. Kuku walivichakura uani, wakaona havina kitu, wakaviacha.

Mwaka ule Baba alikuwa amevunjika mguu. Mkokoteni wa ng'ombe ulimlalia kwenye mteremko, na tangu masika alikuwa akikaa kwenye kigoda mlangoni, mguu umenyooka mbele yake, akichonga mipini ya majembe ambayo hakuna aliyeihitaji. Kwa hiyo Mama alipanda lori la vibarua. Lilipita barabarani kabla hapajapambazuka, likawachukua wanawake wa kijiji mpaka kwenye maghala ya shamba la ngano, na huko Mama alishona midomo ya magunia kutwa nzima kwa shazia, sindano ile kubwa iliyopinda kidogo kwenye ncha. Vidole vyake vilijaa sugu, na sugu zikapasuka. Akirudi, mahindi yetu wenyewe yalikuwa bado shambani yakimsubiri, na mimi, mtoto wake wa kwanza, nilikuwa wa darasa la tano tu, nisiyeweza kubeba gunia.

Pamoja na hayo yote, Mama alikuwa anaimba. Hili ndilo lililomkera Bibi, mama yake Baba, aliyekaa nasi. Kila mwaka baada ya mavuno mji wetu mdogo wa wilaya ulifanya sikukuu ambayo watu waliiita Siku ya Mambo ya Kale. Vikundi vilitoka vijijini, vingine vilikuja kwa malori kutoka Nambis na Bashay upande wa Mbulu, na kila kikundi kilionyesha uwanjani maisha ya zamani: wahunzi wakifua majembe, watu wakihama wakati wa njaa, wazee wakigawa ardhi. Katikati ya maonyesho palikuwa na ngoma na kwaya. Kikundi cha Mogitu kilikuwa mikononi mwa Mwalimu Komba, mtu wa Songea aliyehamishiwa shule yetu, kijana mpole aliyependa historia kuliko sisi wenyewe tulivyoipenda. Alikuwa amekwenda nyumba kwa nyumba kuomba wazee wamsimulie. Na alipomsikia Mama akiimba kanisani, akaja kwetu, akamwamkia Bibi shikamoo kwa kuinama mpaka magotini, akamwomba Baba ruhusa. Baba alikubali. Nadhani aliona kwamba hilo angalau angeweza kumpa Mama.

Bibi hakukubali, ila hakusema sababu. Alisema tu kwamba mwanamke mwenye mume kilema na watoto wadogo hana haja ya kwenda kulala uwanjani mbele ya watu. Alisema hivyo kwa sababu onyesho letu lilikuwa na kitanda. Ilikuwa hadithi iliyozunguka kijijini kwa miaka mingi bila mtu kusema ni ya nani: wakati wa vita vya wakoloni, askari walipopita kukusanya vijana kwa nguvu wakafanye kazi kwenye mashamba ya mbali, mwanamke mmoja alimficha ndugu yake kwenye shimo la nyuma ya nyumba ya zamani, zile nyumba zilizochimbwa kwenye kilima. Kisha akalala juu ya kitanda cha ngozi kilichoziba mdomo wa shimo, akajifanya ana ugonjwa wa kuambukiza. Katika onyesho la Mwalimu askari aliogopa, akaziba pua, akakimbia huku kaptula ikimvuka, na watu wakacheka. Hapo mwanamke anainuka, anamtoa ndugu yake shimoni, anaimba, na kwaya nzima inampokea. Mama alikuwa mwanamke huyo. Mimi nilikuwa binti yake, nikikaa karibu na kitanda nikimpepea. Kijana aliyeitwa Bura alikuwa shimoni.

Tulifanya mazoezi jioni, Mama akishuka kwenye lori na kuja moja kwa moja shuleni na vumbi lake. Kikundi bora kingepelekwa Arusha. Mama hakuwahi kufika Arusha. Hakuniambia kwamba anataka kwenda, lakini nilimsikia akimuuliza mke wa jirani kama ni kweli kwamba barabara za huko zina taa. Akifika nyumbani Bibi alikuwa amekwisha kula na kugeukia ukutani. Walikuwa wakisalimiana, na hapo mazungumzo yao yaliishia.

Siku yenyewe ilipofika, ghala lilikuwa limewafanyisha wanawake kazi mfululizo kwa sababu malori ya kuchukua ngano yalikuwa yamewasili. Mama alirudi, akaamka tena kuvuna mahindi alfajiri kwa kuhofia nguruwe pori, akaja sikukuu bila kuketi. Alikuwa na rangi ya majivu. Nilimwona akiegemea trela ambalo shamba la ngano lilikuwa limeazima liwe jukwaa la wageni, macho yake yakijifunga na kufunguka. Mwalimu alimuuliza kama anaweza. Alisema anaweza.

Nyumba yetu ya maonyesho ilikuwa ya miti na udongo, imeachwa wazi upande wa mbele ili watu waone ndani. Uwanja ulikuwa umejaa. Watumishi wa wilaya walikaa kwenye trela pamoja na mgeni rasmi, mzee aliyetoka mkoani, mwenye kofia ya kijivu. Bibi naye alikuwepo, jambo lililotushangaza. Alikuwa ameketi chini na wanawake wa kanisa, shuka lake limefunika kichwa. Mama alijilaza kitandani, nikamfunika blanketi, nikaanza kumpepea. Askari aliingia, akapekua, akanusa, akakimbia. Watu walicheka mpaka wengine wakashika mbavu. Kisha vicheko vikapungua, ngoma ikapiga mara ya kwanza kumwita Mama ainuke.

Hakuinuka. Ngoma ikaita tena. Niliinama nikaona mdomo wake uko wazi kidogo na pumzi inaingia na kutoka taratibu, kama ya mtoto. Nilimtikisa bega. Nilimwita kwa sauti ndogo, Mama, Mama, zamu yako. Bura alinong'ona kutoka shimoni akiuliza kuna nini. Mwalimu Komba alizunguka nyuma ya ukuta, akaniambia nimfinye. Nilishika ngozi ya mkono wake, nikaona sugu zile zilizopasuka, nikashindwa. Watu walianza kunong'ona. Mmoja aliuliza kwa sauti kama mama huyu ni mgonjwa kweli au amelewa, na wachache wakacheka. Nilikuwa na hakika kwamba mji mzima utamcheka Mama maisha yake yote.

Hapo Bibi alisimama. Alitembea polepole kukatiza uwanja, akaingia ndani ya ile nyumba, akamtazama mkwewe kwa muda. Nilifikiri atamgombeza. Alilivuta blanketi likafika mabegani, kisha akageuka kuwaelekea watu. Alizungumza Kiiraqw, kwa sababu Kiswahili chake kilikuwa cha kanisani na sokoni tu. Wageni kwenye trela walitazamana. Mwalimu, ambaye hakujua lugha yetu, alinisukumia kipaza sauti mkononi, akaniambia nitafsiri.

"Mwacheni alale," alisema Bibi, nami nikasema kwa Kiswahili. "Kitanda kile nililalia mimi. Aliyekuwa shimoni ni ndugu yangu, tumbo moja."

Nilikuwa nikisikia bendera tu inavyopigapiga, maana jenereta la kipaza sauti lilikuwa mbali.

"Askari hakuogopa ugonjwa wangu," aliendelea. "Alisimama pale pale, akasubiri. Moshi ulikuwa umejaa. Ndugu yangu akakohoa. Wakanisukuma, wakamtoa kwa miguu."

Alitaja mahali walikompeleka, kwa neno nisilolijua. Nilimtazama, akanielezea kwa mikono: majani marefu, makali, ya kutengenezea kamba. Nikasema kwenye kipaza sauti kwamba walimpeleka mbali, kwenye mashamba ya majani yenye miiba. Watu wazima walielewa kuwa ni mkonge. Bibi alisema hakurudi, na hakuna aliyeleta habari zake. Kisha akaongeza sentensi moja, na nilipoitafsiri ndipo nilipoelewa kwa nini alikuwa akigeukia ukutani kila Mama alipotoka kwenye mazoezi.

"Siku ile hapakuwa na wimbo."

Hakuna aliyepiga makofi. Mgeni rasmi alivua kofia yake, akaishika magotini. Na katika ukimya ule, nadhani ni ukimya wenyewe uliomwamsha, Mama alikurupuka. Alidhani zamu yake imefika. Aliketi, akapangusa mdomo, akaanza kuimba ubeti wa kwanza kwa ile sauti yake nzuri iliyosafiri mpaka mwisho wa uwanja. Aliimba furaha ya ndugu aliyepona. Vijana fulani waliangua kicheko. Mama akaona mgongo wa Bibi mbele yake, akaona nyuso za watu, sauti ikakatika.

Bibi hakumkemea. Alimshika mkono, akamwinua, akamtoa nje ya nyumba ile na blanketi lake begani, wakapita katikati ya watu walioachana kuwapa njia. Kwaya haikuimba. Kikundi cha Bashay, kilichofuata, kilikaa muda kikitazama chini kabla ya kuthubutu kuingia. Jioni ile wahunzi wa Nambis ndio waliochaguliwa kwenda Arusha, na kwa kweli walistahili.

Kwenye lori la kurudi Mama alilala tena, kichwa kikiwa begani kwa Bibi, na Bibi alikaa wima safari nzima ili asimwamshe. Ningependa kusema kwamba baada ya siku ile maisha yetu yaligeuka, ila hayakugeuka. Mguu wa Baba ulichukua muda wake, na Mama aliendelea kushona magunia mpaka msimu ukaisha. Kilichobadilika ni kwamba Bibi alianza kuamka kabla ya kila mtu. Aliwasha moto, akachemsha uji, akamwacha Mama alale mpaka lori lisikike kwenye kona, ndipo akamwamsha. Mchana alikwenda kwenye mahindi na panga lake, akanichukua mimi. Hakuwahi kumwomba Mama msamaha, wala Mama hakumwomba. Mwalimu Komba alikuja na shikamoo yake akitaka asimuliwe zaidi, jina la yule ndugu, mwaka, njia waliyopita. Bibi alimpa maziwa, akamwambia kwamba alichokuwa nacho amekwisha kukisema. Mwaka uliofuata Mwalimu aliliondoa onyesho lile, na baadaye akahamishwa. Mama aliendelea kuimba kanisani. Uwanjani hakurudi.

Mashamba ya serikali yalikufa taratibu mbele ya macho yetu. Kombaini zilikaa nje zikiota kutu, maghala yakafungwa, na ardhi sasa inalimwa na wengine. Sikukuu nayo ilipotea, ikaja kufufuliwa miaka ya karibuni. Mimi ni muuguzi Mbulu, na mwaka jana niliomba ruhusa kazini nikampeleka Mama. Bibi alikwisha tangulia zamani, na Baba pia. Nilikuwa nimetoka zamu, miguu imevimba, na nilimtazama Mama kwenye kiti cha plastiki nikahesabu kwamba sasa nina umri mkubwa kuliko aliokuwa nao siku aliyolala pale. Wakati ule nilimwona mtu mzima. Alikuwa msichana aliyechoka.

Maonyesho ya siku hizi ni mazuri. Wanafunzi wana sare, kuna spika ndefu kama milango, na mshereheshaji anakihimiza kila kikundi kimalize kwa sababu ratiba imebana. Wanafunzi wa shule moja walifanya ile hadithi ya kitanda. Sijui waliitoa wapi. Askari alikimbia, watu wakacheka, simu zikainuliwa juu, na msichana aliyeigiza mgonjwa akainuka kwa wakati, akaimba. Aliimba vizuri sana. Niliwaza: mzee angesimama leo akatembea mpaka katikati, nani angezima muziki? Labda angeombwa kwa heshima arudi kwenye kiti chake. Nilijiuliza kama mimi niende. Sikuwa na nguvu, na wimbo ulikuwa umekwisha fika katikati.

Nilimuuliza Mama kama anakumbuka alichosema Bibi siku ile. Masikio yake yamekuwa mazito, ikabidi nirudie.

"Nitakumbuka vipi?" alisema. "Si nilikuwa nimelala?"

Sikuwahi kufikiri hivyo. Miaka yote yeye na Bibi walikaa nyumba moja, wakakoka moto mmoja, na yeye hakuyasikia maneno yale. Watu walimsimulia vipande vipande, kila mtu na chake, na Bibi mwenyewe hakuyarudia.

"Basi niambie," alisema Mama, akainamisha kichwa kuelekea kwangu.

Nikasogeza kiti changu mpaka magoti yetu yakagusana, nikaweka mdomo kwenye sikio lake kwa sababu ya spika, nikamwambia yote kwa Kiiraqw, kama yalivyotoka kwa Bibi. Safari hii sikuwa na haja ya kutafsiri.